Kijiti cha Mzee Rudisha

(Hotuba iliyosomwa na mhitimu mmoja wa shule yetu katika mkutano wa mwaka wa wahitimu, Wasso. Inachapwa hapa kwa ombi la Kamati.)

Ndugu Mwenyekiti, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazee wetu mliofika kutoka Wasso, Loliondo, Digodigo na Soit Sambu, wahitimu wenzangu, na ninyi wanafunzi mliosimama huko nyuma kwa sababu viti vyenu tumevikalia sisi:

Kamati iliponiandikia barua iliniomba nizungumze juu ya mafanikio maishani. Nikaisoma barua ile mara mbili. Mimi ni mtumishi wa Serikali, naishi kwa mshahara wa mwezi, na nyumba yangu bado haijapigwa lipu upande wa nyuma. Nikaona juu ya mafanikio nitamaliza maneno kabla maji haya hayajafika kwenye meza. Basi nikaiomba Kamati iniruhusu nizungumze juu ya mbio, hasa mbio za kupokezana vijiti, na juu ya mtu mmoja wa jirani zetu aliyezikimbia. Kamati ikakubali, nami naishukuru.

Mtu huyo ni marehemu Mzee Daniel Rudisha. Alizaliwa mwaka 1945, na kwao ni Kilgoris, katika nchi ya Wamaasai upande wa Kenya. Leo Kilgoris imo katika Kaunti ya Narok, inayopakana na wilaya yetu hii ya Ngorongoro. Ng'ombe wa kwao na wa kwetu wanajuana kwa alama. Alikuwa mwalimu. Alifariki dunia mwezi Machi mwaka 2019. Wengi wenu mnalijua jina la Rudisha kwa sababu ya mwanawe, David, na huyo nitamfikia. Lakini heshima hutangulia kwa baba.

Kwanza niondoe dhana moja. Huku kwetu tumezoea kusema kwamba watu wa nyanda za juu ni watu wa mbio ndefu tu, na kwamba mbio fupi ni za watu wa mbali. Ni kweli tunao mashujaa wa mbio ndefu na za kati. Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, mwaka 1974 huko Christchurch, New Zealand, alikimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, akaivunja rekodi ya dunia akiongoza tangu mwanzo mpaka mwisho. Lakini Afrika ya Mashariki ilikuwa na wakimbiaji wa mbio fupi kabla ya hapo. Mwaka 1962 huko Perth, Australia, kijana wa Mombasa aliyeitwa Seraphino Antao alishinda yadi 100 na yadi 220 katika michezo ya Jumuiya ya Madola, akawa Mkenya wa kwanza kupata dhahabu katika michezo hiyo. Na Daniel Rudisha, Mmaasai wa Kilgoris, alikuwa mkimbiaji wa mzunguko mmoja, yaani mita 400. Mbio hizo ni fupi kwa saa na ni ndefu kwa mapafu. Aliyezikimbia anajua.

Sasa twende Mexico. Ilikuwa Jumapili, tarehe 20 Oktoba 1968, siku ya mwisho ya riadha katika Michezo ya Olimpiki. Mji wa Mexico uko juu sana, zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Hewa ya namna hiyo huwasaidia wakimbiaji wa mbio fupi na kuwatesa wa mbio ndefu. Siku hiyo moja Kipchoge Keino alishinda mita 1500. Siku hiyo hiyo mtu wetu, John Stephen Akhwari, mtoto wa Mbulu, alianguka katika marathoni, akaumia goti, akaingia uwanjani wa mwisho kati ya 57 waliomaliza, mguu umefungwa bendeji, taa zimekwisha kuwashwa. Habari ya Akhwari kila mtoto wa shule Tanzania anaijua, nami sitairudia. Nataka mjue tu kwamba katika uwanja uleule, mchana wa siku ileile, vijana wanne wa Kenya walikimbia mbio za kupokezana vijiti za mita 400 mara nne.

Aliyeanza alikuwa Daniel Rudisha. Akampa kijiti Hezekiah Nyamau, Nyamau akampa Naftali Bon, Bon akampa Charles Asati, naye akamaliza. Waamerika walikuwa mbele yao: Vincent Matthews, Ron Freeman, Larry James na Lee Evans. Waamerika walitumia dakika 2 na sekunde 56.16, na rekodi hiyo ilikaa miaka 24 kabla ya kuvunjwa. Wakenya wakawa wa pili kwa dakika 2 na sekunde 59.64. Ujerumani ya Magharibi ikawa ya tatu.

Ndugu Mwenyekiti, naomba tuzitazame tarakimu hizo kama karani anavyotazama hesabu. Kabla ya mwaka ule rekodi ya dunia ya mbio hizo ilikuwa dakika 2 na sekunde 59.6, iliyowekwa na Waamerika mwaka 1966. Maana yake ni kwamba Rudisha na wenzake walikimbia karibu sawasawa na rekodi ya dunia ya zamani, na bado wakapata fedha. Kenya ilikuwa na miaka mitano tu ya uhuru.

Miaka minne baadaye, Septemba 1972, Olimpiki ilikuwa Munich. Katika ile timu ya kwanza, Rudisha na Bon hawakuwamo tena. Waliobaki ni Nyamau na Asati. Walioingia ni Robert Ouko, ambaye alikuwa ameshinda mita 800 katika michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh mwaka 1970, na Julius Sang, ambaye pale pale Munich alikuwa amekwisha kupata shaba ya mita 400. Asati alianza, akampa Nyamau, Nyamau akampa Ouko, na Ouko akampa Sang. Sang alipopokea kijiti alikuwa nyuma ya Mjerumani Karl Honz, na uwanja mzima wa Wajerumani ulikuwa umesimama kumshangilia kijana wao. Honz aliondoka kwa nguvu zake zote, na katika mita za mwisho nguvu zikamwisha. Sang akampita. Mwingereza naye akampita, Mfaransa naye akampita, na wenye nyumba wakatoka mikono mitupu. Kenya ikashinda kwa dakika 2 na sekunde 59.83. Tangu hapo Kenya haijapata tena nishani ya Olimpiki katika mbio hizo.

Sasa, wanafunzi wa hisabati mlioko nyuma, nani amekwisha kuona jambo? Timu ya Rudisha ilitumia 2:59.64, ikapata fedha. Timu ya Sang ilitumia 2:59.83, ikapata dhahabu. Waliopata fedha walikuwa wepesi kuliko waliopata dhahabu kwa sehemu 19 za mia ya sekunde.

Sisemi hivyo ili kuipunguza dhahabu ya Munich. Mexico kulikuwa na hewa nyepesi, na Munich hakukuwa nayo. Tena Munich Waamerika hawakukimbia kabisa mbio zile: wakimbiaji wao wawili walikuwa wamefungiwa kwa jinsi walivyosimama jukwaani wakati wa wimbo wa taifa lao, na mwingine alikuwa ameumia. Mshindi hushinda waliokuja. Ninalotaka kusema ni kwamba rangi ya nishani haitegemei miguu yako peke yake. Inategemea ni nani waliosimama kando yako siku ile, na hilo hukupangiwa na wengine. Lililo lako ni mzunguko wako mmoja na namna unavyokikabidhi kijiti. Mzee Rudisha alifanya hayo mawili, na haki yake ilikuwa fedha.

Na ujira wake? Hapa nataka vijana wanaoota fedha za mbio wanisikilize vizuri. Mwaka 1968 mkimbiaji wa Olimpiki alikatazwa kulipwa kwa kukimbia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 huko Marekani kilianzishwa chama cha wakimbiaji wa kulipwa, International Track Association. Keino alijiunga, na Ben Jipcho, na hata Lee Evans wa Mexico. Waliojiunga walipoteza haki ya kurudi Olimpiki, na mwaka 1976 chama chenyewe kikafa. Shirikisho la riadha la dunia lilianza kuwaruhusu wakimbiaji kuwekewa fedha katika mfuko wa amana mwaka 1982, na zawadi za fedha katika mashindano yake ya dunia zilianza mwaka 1997. Kwa hiyo kizazi cha Rudisha kilikimbia bila malipo, na maisha yao yakategemea kazi zao nyingine. Wenzake wawili wa Munich, Ouko na Sang, walipata kitu kingine kutokana na miguu yao: walisoma katika chuo kikuu cha North Carolina Central huko Marekani.

Najua kwamba hapa shuleni wamo vijana wenye mbio. Nimewaona asubuhi wakati nikipiga mswaki. Na najua kwamba mmoja wao amekwisha kuwaambia wazazi wake kwamba anataka kuacha shule akaingie kambini kukimbia, maana leo mbio zinalipa. Simtaji, wala simkatazi kukimbia. Namwambia tu hivi: siku hizi ni kweli mbio zinalipa, lakini zinawalipa wachache, kwa miaka michache, na mshipa mmoja wa paja ukikatika malipo yanasimama siku hiyo hiyo. Mwenye kalamu atakuwa na kazi mguu ukipona au usipopona. Kimbia, lakini mtihani wa kidato cha nne uufanye.

Niseme sasa juu ya mwana. David Rudisha alizaliwa mwaka 1988. Alikua nyumba moja na nishani ile ya fedha, na mama yake, Naomi, naye alikuwa mkimbiaji wa mita 400 za kuruka viunzi. David alianza na mita 400 za baba, kisha chini ya mwalimu wake, Bruda Colm O'Connell wa Iten, akahamia mita 800, yaani mizunguko miwili. Mwaka 2008 hakwenda Olimpiki kwa sababu ya maumivu. Mwaka 2009 katika mashindano ya dunia ya Berlin hakufika fainali. Mwaka 2010 akaivunja rekodi ya dunia mara mbili katika wiki moja. Na tarehe 9 Agosti 2012, mjini London, aliongoza tangu mwanzo: mzunguko wa kwanza sekunde 49.28, wa pili sekunde 51.63, jumla dakika 1 na sekunde 40.91. Ni mtu wa kwanza kukimbia mita 800 chini ya dakika 1 na sekunde 41. Mwaka 2016 huko Rio akapata dhahabu ya pili.

Watu husema mtoto aliikamilisha kazi ya baba. Mimi sisemi hivyo, maana kazi ya baba ilikuwa imekamilika mwaka 1968. Mzee alimaliza mzunguko wake na kijiti akakitoa salama. Kilichokuja baadaye kilikuwa mzunguko wa mtu mwingine.

Ndugu Mwenyekiti, hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Neno hili la kijiti tunalipenda sana katika hotuba. Waziri akipewa wizara, tunasema amepokea kijiti. Mwenyekiti wa kijiji akichaguliwa, amepokea kijiti. Nadhani hata katika ratiba ya leo, uongozi mpya wa wahitimu utapokea kijiti saa nane. Lakini wengi wetu tunalisema neno hilo bila kujua kijiti kinavyopokewa. Basi nieleze.

Kijiti cha mashindano ni bomba laini, tupu ndani, urefu wake sentimita 28 hadi 30, uzito wake usipungue gramu 50. Ni kitu kidogo kuliko rungu la mtoto wa kuchunga ndama. Kinakabidhiwa ndani ya eneo lililochorwa, nalo katika mita 400 mara nne lina urefu wa mita 20. Nje ya hapo timu inaondolewa. Sasa kuna mbio za kupokezana za aina mbili. Katika mita 100 mara nne, anayekuja bado ana kasi, kwa hiyo anayepokea anaondoka, ananyosha mkono nyuma, hatazami. Lakini katika mita 400 mara nne, anayekuja amekwisha. Miguu yake ni magogo, macho yake yanaona ukungu, kifua kinawaka. Hawezi kukufuata. Hawezi hata kulenga. Kwa hiyo anayepokea lazima ageuke amtazame, apime mwenzake amechoka kiasi gani, aondoke kwa mwendo ambao mwenzake anaumudu, na mkono wake ukifuate kijiti mpaka ukishike. Mzigo wa makabidhiano uko kwa yule mwenye nguvu, asiyechoka bado, yaani yule anayepokea.

Kanuni hii nilifundishwa hapa hapa, katika kiwanja kile cha nyuma ya bweni, na mwalimu wetu wa michezo. Kijiti chetu alikuwa amekichonga mwenyewe kwa mti wa oloirien, akakipiga msasa kikawa laini kama pembe. Alitwambia: "Anayekuja amekupa pumzi zake. Wewe mpe macho yako." Nilikariri maneno yale, kama tulivyokariri mambo mengi, na siku yalipohitajika sikuyatumia.

Ilikuwa mwaka 1997, nilipokuwa kidato cha tatu, katika mashindano ya shule kadhaa. Mistari ilichorwa kwa majivu. Mimi nilikuwa mguu wa nne, wa kumalizia. Mwenzangu wa mguu wa tatu alikimbia siku ile kama mtu aliyeona simba nyuma yake. Alipokea tukiwa wa nne, akaja anaongoza kwa hatua kama kumi na tano. Watu walikuwa wanapiga kelele, na wasichana kutoka shule nyingine walikuwa wamesimama kando ya kamba. Nami nikataka wanione nikiondoka. Nikaondoka mapema, kwa kasi yangu yote, nikanyosha mkono nyuma kama mtu wa mita 100, uso mbele. Nilimsikia akiniita kwa jina. Sikugeuka. Kijiti kiligonga kifundo cha mkono wangu, kikaanguka kwenye majivu.

Tulimaliza wa tatu. Mwalimu aliuliza kilichotokea. Nikasema, "Amenirushia." Mwenzangu alikuwa amelala chini, hajaweza kusema. Alipoweza kusema, maneno yangu yalikuwa yamekwisha kuenea. Tangu siku ile mpaka tunamaliza kidato cha nne aliitwa Mdondoshaji. Aliitwa hivyo bwalani, aliitwa hivyo kwenye mstari wa asubuhi, na katika sherehe ya kuagana aliitwa hivyo mbele ya baba yake. Hakunishitaki hata siku moja. Nami sikusema neno.

Wahitimu wenzangu wa miaka ile, mnaolikumbuka jina hilo na mlilolicheka tena jana usiku wakati wa chakula, nataka mnisikie. Kijiti kile niliangusha mimi. Yeye alikuja vizuri. Yumo humu ndani, na sikumwambia kwamba nitayasema haya. Nimechelewa zaidi ya robo karne, na ninamwomba radhi mbele yenu kwa sababu mbele yenu ndipo nilipomharibia jina.

Huenda mtasema ni jambo la utoto. Nami nilijiambia hivyo miaka mingi. Lakini tabia isiyotubiwa hukua pamoja na mtu. Nilipopewa dawati langu la kwanza la madaraka serikalini, nilipokea ofisi kutoka kwa mzee mmoja aliyekuwa anastaafu. Alikuwa amekaa pale miaka mingi. Aliniambia, "Kijana, njoo tukae siku mbili nikuoneshe." Mimi nilikuwa na shahada yangu mpya na haraka yangu ya zamani. Nikamwambia aache orodha tu. Tulitia saini hati ya makabidhiano kwa dakika kumi, tukapiga picha, akaondoka na saa ya ukutani aliyozawadiwa. Baada ya mwezi mmoja akaja mjane kuulizia mafao ya mumewe. Faili halikuonekana. Nililitafuta kwa miezi saba. Lilikuwa ndani ya kabati lile lile, chini ya jina la ukoo, si jina la kazini, kwa sababu yule mzee alikuwa na utaratibu wake ambao angenieleza kwa robo saa. Miezi saba, ndugu zangu, mama yule alikuja na kurudi kwa miguu. Siku nilipolipata, nilikumbuka majivu ya kiwanja kile. Lilikuwa kosa lile lile: mkono nyuma, uso mbele.

Kwa hiyo nina maombi matatu, nami nitakaa chini.

La kwanza ni kwenu wanafunzi. Mnapokea. Nguvu ni zenu, na sisi tunaokuja tumekwisha kuchoka, hata kama tai zetu zinang'aa. Msituonee haya kutugeukia na kutuuliza. Muulizeni mzee anavyotambua nyasi za kiangazi, muulizeni mwalimu anayestaafu alivyoandaa maabara bila vifaa, tuulizeni sisi tulikosea wapi. Anayepokea ndiye anayetazama.

La pili ni kwetu wahitimu. Kamati imependekeza mchango wa lango jipya la shule lenye majina yetu. Sina ugomvi na lango. Lakini kiwanja kile hakina mistari, na vijana wanakimbia kwa viatu vya kuazimana. Kabla ya lango, napendekeza tukisawazishe kiwanja, tukipime mita 400 kamili, na tununue vijiti. Na tukubaliane kwamba kila mmoja wetu atamshika mwanafunzi mmoja anayemaliza, amwandikie, amjibu anapouliza juu ya fomu na vyuo na kazi, kwa mwaka mmoja tu. Hiyo ndiyo mita 20 yetu. Akishatoka nje ya eneo hilo, hatutamfikia tena.

La tatu ni langu mwenyewe. Ratiba inasema saa kumi jioni kutakuwa na mbio za kupokezana kati ya wahitimu na wanafunzi. Tutashindwa, hilo halina mjadala. Naomba Mwenyekiti anipange mguu wa nne, na mguu wa tatu ampange yule mwenzangu, kama magoti yake yatakubali, na kama yeye mwenyewe atakubali. Aje kwa mwendo anaoweza. Mimi nitakuwa nimegeuka nyuma, namtazama.